Kinyozi Asiyeuliza

Kaka yangu ni kinyozi, na kwenye saluni yake hakuna anayechagua. Ukiingia unakaa, anakufunga kitambaa shingoni, anakizungusha kiti mpaka kioo kinabaki nyuma yako, anakishika kichwa chako kwa mikono miwili kama mtu anayechagua tikiti sokoni, anakigeuza huku na huku, halafu anasema, "Tulia." Basi. Utakachotoka nacho utakijua akishamaliza na kiti kikarudi kutazama kioo. Kwa neno hilo moja watu wakampa jina, Fundi Tulia, na nadhani hata wanawe wameshasahau lile la kwenye kitambulisho.

Alipokipanga kile chumba alikuta ukutani ile picha kubwa ya vichwa vya vijana, kila kichwa na namba yake, mteja anyooshe kidole aseme nipe namba saba. Aliibandua wiki ya kwanza, na palepale akatundika kalenda. Anasema ukimuuliza mtu anataka nini, atakutajia kichwa cha mtu mwingine. Ukibisha, anakuelekeza kwa jirani yake wa ng'ambo ya barabara, maana kule wanauliza. Wateja hawaendi. Watu wazima wenye vyeo vyao, wanaoamuru wenzao kutwa nzima, huja pale kupumzika kutokana na kuamua mambo. Nimewahi kumkuta mwalimu mkuu wa shule ya jirani amesinzia kwenye kile kiti, mdomo wazi.

Mimi ni mdogo wake wa pekee, na kichwa changu ndicho alichojifunzia kazi. Wazazi wetu walipofariki, mmoja akimfuata mwenzake kabla hatujamaliza kulia, mimi nilikuwa shule ya msingi na yeye ndevu ndiyo kwanza zinachomoza. Kila Jumapili alasiri alikuwa akinikalisha uani juu ya ndoo iliyofudikizwa, ananinyoa. Nilikuwa natamani nywele ndefu za kusuka. Sikumwambia, kwa kuwa hakuniuliza, na mpaka nimekuwa mtu mzima aliendelea kuninyoa. Shule ya sekondari alichagua yeye, viatu alichagua yeye, na mwanamume wa kwanza aliyekuja kubisha hodi kwa ajili yangu alimwangalia kisogo tu, akasema huyu hapana. Wa pili nilimchagua mwenyewe kwa ubishi. Tuliachana, nikabaki na binti yangu, ambaye sasa yuko kidato cha pili na ulimi ameurithi kwangu. Kaka hakunisimanga hata siku moja. Alikuja na mkokoteni, akapakia vyombo vyangu, akanihamishia chumba alichokwisha kunitafutia mtaa wa pili na kwake. Kama ninakipenda au sikipendi, halikuwa swali.

Msidhani ninamlalamikia. Ninampenda mno, na ndiyo maana ananiudhi kuliko watu wote.

Kwa miaka mingi kaka amekuwa akiishi na virusi vya homa ya ini. Alivipata wapi hajui. Huenda ni utotoni, huenda ni wembe uliomchubua siku moja kazini. Anameza dawa zake, na kila baada ya miezi sita wifi yangu, yaani mke wake, humkokota hospitali akapimwe ini. Nasema humkokota, wala sitii chumvi. Anaifunga saluni kwa mkono wake, anautia ufunguo kifuani, kisha anasimama mlangoni anamngoja. Wifi ni mshonaji wa mapazia, mtu wa maneno machache, na akisimama mlangoni kwa mtindo ule hata wateja hunyanyuka.

Safari ile mpimaji alikuwa akipiga soga huku akikipitisha kile kifaa tumboni kwa kaka. Akafika mahali, akarudi nyuma, akarudi tena, na soga ikakatika. Wifi aliniambia baadaye kwamba alijua palepale, kabla ya picha ya mashine kubwa na kabla ya majibu ya damu. Ilikuwa saratani ya ini. Ilikuwa moja, ndogo, kiasi cha ncha ya kidole gumba, na ilikuwa imewahiwa.

Daktari wa upasuaji alikuwa mama mmoja mfupi, sauti ya taratibu, na chumba chake kilitazama mahali wanapoanika mashuka ya hospitali. Tuliingia watatu, kaka katikati. Akachukua karatasi akachora ini mara mbili, moja kushoto na moja kulia. La kushoto akalipiga mstari. Hii, akasema, ni njia ya kukata kipande chenye uvimbe na kuliacha ini lililobaki. Ni upasuaji mkubwa, lakini mtu huamka mapema, na ini hukua tena. Ubaya wake ni kwamba ini linalobaki ni lilelile lenye makovu ya virusi, na zaidi ya nusu ya watu wa namna yake hurudiwa na ugonjwa ndani ya miaka michache. La kulia akalizungushia duara zima. Hapo ini lote linatolewa, na uvimbe na makovu yake, anawekewa kipande cha ini la mtu mzima wa afya, ndugu yake. Vipande vyote viwili hukua, cha mtoaji na cha mpokeaji. Ugonjwa kurudi ni nadra zaidi. Ila atakunywa dawa za kulituliza ini geni mpaka mwisho wa maisha yake, na kutakuwa na watu wawili mezani badala ya mmoja, na yule wa pili alikuwa mzima wakati anaingia.

Wifi akauliza kuhusu ile ya kuchoma uvimbe kwa sindano, ambayo aliisikia kwenye foleni. Daktari akasema ni njia nzuri, lakini uvimbe huu umeegemea mshipa mkubwa wa damu, sindano haitakuwa salama. Kwa hiyo zimebaki mbili. Akaisogeza ile karatasi mbele ya kaka na kumuuliza anaegemea wapi.

Kaka aliziangalia zile picha mbili kwa muda. Mimi nilijua anachokiona. Alikuwa anaiona ile picha ya vichwa aliyoibandua.

"Daktari," akasema, "mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti. Wewe ndiye fundi. Kata kinachonifaa."

Mimi na wifi tukaangalia sakafu. Daktari alitabasamu, akasema kama njia moja ingekuwa bora waziwazi angeshaisema na wala asingepoteza karatasi. Kwa ini lake, zote mbili zinawezekana. Kila moja inampa kitu na kumnyang'anya kitu, na yeye daktari hawezi kujua ni kitu gani mtu huyu anaweza kukikosa akaishi.

"Kwangu hapa, baba," akamalizia, "mteja lazima achague."

Kaka akakunja uso kama mtu aliyelishwa ndimu. Swali la nani atatoa ini lilikuwa limeshaning'inia mle chumbani. Damu ya wifi haiendani na yake, kijana wake mkubwa vilevile, mdogo hajafikisha umri. Kabla daktari hajafunga mdomo nikasema, "Mimi."

Kaka hakugeuka. Akasema, "Tulia."

"Situlii," nikasema.

Daktari alitupa wiki tatu za kufikiri, akasema uvimbe wa aina hii hautakimbia kwa siku hizo, lakini tusivuke hapo.

Nilikwenda kupimwa peke yangu. Walinitoa damu ya kujaza kikombe, wakaniingiza kwenye mashine, wakanilaza ubavu huu na ubavu ule. Mwishoni wakanipeleka kwa mshauri, kijana mpole, ambaye kazi yake ni kuhakikisha mtoaji hasukumwi. Akaniuliza kama kuna mtu amenilazimisha. Nikacheka, nikamwambia anayenilazimisha ni yule anayenikataza. Akaniuliza kama ninaogopa. Nikamwambia mimi nafanya kazi ofisi ya vifurushi pale stendi ya mabasi, kutwa napokea na kunyanyua mizigo ya watu, naogopa nini? Aliniangalia kidogo, akaandika. Nilipofika nyumbani nikamweleza binti yangu. Akajibu, "Sawa, mama," haraka mno, halafu akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Niliona, nikajifanya sikuona.

Ilikuwa wiki ya pili, niko kazini, akaja mteja wangu wa siku nyingi, mzee wa duka la vipuri, kuchukua boksi lake. Nilimpa boksi nikashindwa kuyatoa macho kwenye kichwa chake. Amenyolewa denge, pembeni kweupe, juu kumebaki kishungi, mzee mwenye wajukuu. Nikamuuliza ni nani aliyemfanyia vile.

"Kaka yako," akasema, naye akajishika kichwa kwa aibu. "Aliniuliza nataka nini. Nikashikwa. Tangu nimjue hajaniuliza. Nikataja la kwanza lililonijia mdomoni." Akainama juu ya kaunta, akapunguza sauti. "Dada, kaka yako anaumwa?"

Hatukuwa tumemwambia mtu. Mtaa mzima ulikuwa umejua, na hakuna aliyemwaga siri. Walijua kwa sababu kinyozi wao ameanza kuuliza.

Niliomba ruhusa nikaenda. Nilipofika mlangoni nikasimama. Kiti kilikuwa kimetazama kioo. Juu yake alikaa yule mwalimu mkuu, macho yamemtoka, anajiona kwa mara ya kwanza akinyolewa. Kaka ameshika mashine haijawashwa, anamuuliza juu aache kiasi gani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotea njia. Mwalimu akamwambia, "Wewe tu, fundi." Kaka akauliza tena. Roho iliniuma, nikageuka nikaondoka kabla hajaniona kwenye kioo, na njiani nikakata shauri kwamba kama yeye ameshindwa kuamua, mimi na wifi tutaamua.

Wala haikuwa kazi. Wifi naye alitaka ile kubwa, ya kung'oa ubaya wote na makovu yake. Alisema kwa kifupi kama kawaida yake: hataki kulala kila siku akisikilizia tumbo la mtu. Majibu yangu yakatoka, yakakubali kila kitu, damu, ukubwa wa ini, mishipa. Nilifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani. Jumapili alasiri nikaenda kwao nimevaa gauni langu zuri, wifi akafunga cherehani yake, tukamkalisha kaka sebuleni kati ya marobota ya vitambaa vya mapazia, tukamwambia yamekwisha. Kilichobaki ni daktari kupanga siku.

Kaka akauliza, "Majibu ni ya kwako?"

Nikasema ya kwangu, na yamekubali.

Akainuka, akatoka kwenda uani. Wifi akanikonyeza niache, lakini mimi sijaumbwa kuacha. Nikamfuata, nikampa vidonge vyake, vya maneno. Nilimwambia ameniamulia maisha yangu yote, kuanzia viatu mpaka chumba ninacholala, na sikuwahi kufungua mdomo. Leo ni zamu yangu. Nilimwambia kama anataka kufa na tai shingoni, afe, lakini asije akasema alikosa mtu. Nilisema na mengine ambayo sitayarudia. Yeye alikuwa amesimama anaangalia kamba ya nguo. Nilipoishiwa pumzi, akaichukua ndoo iliyokuwa karibu na bomba, akaimwaga maji, akaifudikiza, akakaa yeye.

Sikuwahi kumwona kaka yangu amekaa kwenye ndoo. Nilikuwa nimesimama na yeye yuko chini yangu, kisogo chake nakiona, mvi zimeshika mpaka shingoni.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe unataka nini?"

"Nataka upone."

"Hiyo ni yangu. Mimi nimekuuliza ya kwako."

Nilifungua mdomo nikiwa na jibu tayari, lilelile nililompa mshauri, na jibu halikutoka. Badala yake yakatoka machozi, tena yale ya kelele, ya mtoto. Nikamwambia naogopa. Naogopa tangu siku ile kwa daktari. Siogopi kisu. Namuogopea binti yangu. Daktari alisema ni wachache sana wanaokufa kwa kutoa ini, wachache mno, lakini baba na mama nao walikuwa wawili tu na tukawakosa wote. Nikamwambia sitaki binti yangu aje akalishwe kwenye ndoo ya mtu, akue anaamuliwa, ashukuru kila siku na asiseme anachokitaka. Hata kama mtu huyo atakuwa wewe, kaka.

Nilipoyasema nilitamani kuyarudisha.

"Wewe ulikuwa unataka nini?" kaka akauliza. "Pale kwenye ndoo."

"Nywele ndefu."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

Akatikisa kichwa taratibu, akacheka kicheko kidogo kisicho na sauti, halafu akajifuta uso kwa kiganja. Akasema alikuwa anaogopa kuniuliza. Alikuwa kijana, hana kitu, kila swali angeniuliza ningemjibu kwa jambo asiloliweza. Basi akaona asiulize. Baadaye ikawa mazoea, akayahamishia na kazini. Nilikaa chini, kwenye sakafu ya uani, na gauni langu zuri.

"Kama hakuna njia nyingine," akauliza tena, "ungenipa?"

"Ningekupa," nikasema. "Naogopa, na ningekupa."

"Sasa nimejua," akasema.

Akainuka akaingia ndani, na nilimsikia akimuuliza wifi swali lilelile, anataka nini. Wifi naye, ambaye muda mfupi nyuma alikuwa ananiunga mkono kwa kila neno, alisema anataka mume wake, lakini hataki kukaa benchi moja kati ya milango miwili ya chumba cha upasuaji, huku mumewe na huku wifi yake, asijue akimbilie wapi. Alikuwa amelificha hilo siku zote zile, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Ndivyo tulivyo sisi. Kila mmoja alikuwa ameamua kwa ajili ya mwenzake, na hakuna aliyejua la moyoni mwa mwenzake.

Tulirudi kwa daktari watatu, kaka katikati. Safari hii yeye ndiye aliyeomba ile karatasi. Akauliza maswali yake moja baada ya jingine, na mengine sikujua ameyafikiria lini. Akikatwa kipande kisha ugonjwa ukirudi, je, ule mlango wa pili, wa kuwekewa ini jingine, utakuwa umefungwa? Daktari akasema mara nyingi unakuwa bado wazi, mradi ugonjwa uonekane ungali mdogo, kwa hiyo atakuja kupimwa kila baada ya miezi mitatu, si sita tena. Lakini hakumdanganya. Alisema kuna wanaorudiwa kwa namna ambayo mlango huo haufai tena. Kaka akauliza hao ni wengi kiasi gani, akajibiwa, akaitikia kwa kichwa.

Halafu akaweka kidole kwenye picha ya kushoto.

"Nimechagua hii," akasema. "Mwenyewe."

Daktari akamuuliza ni kitu gani kilichomfanya aamue. Kaka alisema ini lake likimgeuka atajua la kufanya, ameshalizoea. Lakini mdogo wake akilala kwenye meza ile kabla ya kulazimika, na likatokea la kutokea, yeye hatashika wembe tena. Nilikaa pale nimekasirika. Nilikuwa nimekataliwa zawadi mbele ya watu. Na chini ya ile hasira, mwili wangu wote ulikuwa umelegea kwa nafuu, kuanzia mabega, na ile nafuu ikanitia aibu. Wifi aliniona. Akanishika mkono chini ya meza na hakuuachia mpaka tunatoka.

Usiku nilimwambia binti yangu kwamba sitoi. Aliniwekea chakula, akaketi karibu yangu kuliko kawaida yake, na hakuosha chombo chochote mpaka asubuhi.

Siku ya upasuaji tulikuwa wodini mapema. Akaja muuguzi, binti mdogo wa umri, na beseni na wembe, kumnyoa kaka kifuani na tumboni. Kaka akaanza kuinua kichwa amwangalie anavyoushika.

"Tulia, mzee," muuguzi akamwambia.

Wifi alicheka kwanza, mimi nikafuata, tukacheka mpaka tukashikana, na yule binti akatushangaa kwamba hawa wana ndugu anayepelekwa kupasuliwa na wanacheka. Kaka akalaza kichwa. Akatulia kama alivyoagizwa. Walipomsukuma kwenye ukumbi alinyoosha mkono, akanigusa kichwani, akanipitisha kidole nyuma ya sikio pale ambapo mashine huwa inamalizia.

Tulikaa benchi moja, mlango mmoja. Wifi hawezi kukaa bure. Pazia la dirisha la ukumbi ule lilikuwa limefumuka upindo, akatoa sindano na uzi kwenye mkoba wake, akalishona lote bila kuomba ruhusa, kisha akaliangalia lile la pili. Alikuwa amelifikisha katikati daktari alipotoka. Kofia ya chumba cha upasuaji ilikuwa bado kichwani, alama zake zimemkaa kwenye paji la uso. Akasema kipande kimetoka chote, kingo zake zinaonekana safi, majibu kamili yatakuja, damu haikupotea nyingi. Wifi akaitikia, asante daktari, akakata uzi kwa meno, akaanza kulia.

Alipona taratibu. Kulikuwa na mrija ubavuni uliotoa maji ya manjano, kulikuwa na siku alizokataa kula na siku alizomkataza kila mtu asimchekeshe kwa sababu mshono unauma. Majibu kamili yakaja na kingo zikawa safi kweli. Miezi ikapita, akarudi saluni, kwanza asubuhi tu, kisha kutwa. Siku ya kwanza mzee wa duka la vipuri alikuwa wa mbele, denge limeshaota. Kaka akamfunga kitambaa, akakizungusha kiti, kioo kikabaki nyuma, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Tulia." Wote waliokuwa kwenye benchi wakashusha pumzi, na yule mzee akafumba macho kwa raha.

Mimi nilikwenda Jumapili iliyotangulia kipimo chake cha kwanza. Saluni ilikuwa tupu, redio inaongea peke yake. Tangu siku ile ya uani nilikuwa sijanyoa, na nywele zilikuwa zimefika mahali ambapo hazijui ziende wapi. Nikakaa. Akanifunga kitambaa. Mikono yake imepungua nyama, lakini haitetemeki. Nikangoja kiti kizunguke, kikabaki palepale, tumetazama kioo wote wawili.

"Nikufanyeje?" akauliza.

Nikajipa muda wangu wote. Nilijiangalia, nikamwangalia na yeye nyuma yangu, jinsi kola ya shati ilivyomzidi shingo.

"Usinyoe," nikasema. "Nataka ziwe ndefu."

Akaitundika mashine kwenye msumari. Akachukua kitana na mafuta, akaanza kunichana kutoka nchani kama mtu ambaye amewahi kufanya kazi hiyo, na hajawahi. Aliniumiza mara mbili, nikakaza meno, sikusema. Redio ikamaliza taarifa ya habari ikaingia kwenye muziki.

"Ikirudi," akasema, akikiambia kioo, "nitakuuliza tena."

"Uniulize," nikasema.

Jibu ninalo. Nimekaa nalo tangu Jumapili ile ya saluni, nimelala nalo, nimeamka nalo kila asubuhi, na binti yangu nimeshaongea naye na yeye ameniambia la kwake. Lakini simpi kaka kwa sasa. Kwanza aniulize.